Shahidi wa Ansab

Matrah, Maskati, 6 Februari 1966

Suud, mdogo wangu,

Assalamu alaykum. Sie wazima, ila Thani kifua kinambana. Mama miguu yake vipi? Bado anaficha halua chini ya mto?

Uliuliza watu wa Unguja wanaruhusiwaje kuingia huku. Mie nilipita kwa kuwa mume wangu Thani kazaliwa hapa. Nyinyi mtaulizwa kabila na kijiji cha babu, na mzee wa kijiji lazima awashuhudie. Ansab, kijijini kwake, kabaki mzee mmoja tu anayemkumbuka babu yetu. Barua haitaki. Anataka mtu wa kwetu amtajie nasaba uso kwa uso. Thani nimemfunza majina yote, atakwenda akipata nafuu.

Dadako, Shaikha

Mombasa, 2 Machi 1966

Dada Shaikha,

Waalaykumu salaam. Mama hajambo, na halua anaficha.

Ofisi ya uhamiaji wametuongeza ruhusa ya kukaa mpaka mwisho wa Julai. Karani mpole. Kaniuliza, "Kwenu wapi?" Nikasema Mkunazini, Unguja. "Huko si wamekufukuzeni kwa kuwa Waarabu? Nendeni Uarabuni." Nikamwambia Uarabuni wanatuita Wazinjibari. Alicheka, nami nikacheka.

Binamu Hamdiya kaandika kutoka Dubai. Yeye hakuulizwa babu, kaulizwa kazi gani anaijua. Mama ana miaka sabini, atajibu nini? Tunamtegemea Thani.

Nduguyo, Suud

Matrah, 20 Machi 1966

Suud, mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Thani katutoka Jumatatu. Asubuhi nilimpa uji, akanirudishia kijiko, akasema kina moto. Hakusema tena neno.

Nimo edani, miezi minne na siku kumi. Nasaba yetu huku sasa naijua mie peke yangu. Majirani wanasema mwenye dharura hutoka. Nambie, nitoke?

Dadako, Shaikha

Mombasa, 15 Aprili 1966

Dada Shaikha,

Mungu amrehemu Thani, akupe subira. Tu wazima.

Sikufichi, nilitaka uende. Mama kanikatiza. "Mwambie akae eda yake. Thani alimpa nyumba wakati sie hatuna pa kulala. Huyo mzee keshangoja miaka themanini, miezi minne itamshinda?" Basi kaa, dada.

Nduguyo, Suud

Matrah, 25 Julai 1966

Suud, mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nasali mko wazima.

Eda imekwisha Jumatano. Alkhamisi nikapanda punda mpaka Ansab. Mzee wamemzika mwezi wa Juni. Mwanawe kanipa kahawa na tende, kanisikiliza mpaka jina la mwisho. Akasema, "Dada, naona unasema kweli. Lakini babu yako mie simjui, na kuapa siwezi." Sikuweza kumlaumu. Nilikaa nikamaliza kahawa yangu.

Ombeni siku nyingine huko, hata kumi.

Dadako, Shaikha

Matrah, 11 Novemba 1966

Suud, mdogo wangu,

Salamu, popote mlipo. Hii ni barua ya tatu. Ile ya pili imerudi, imeandikwa mmehama. Jirani yenu kaniandikia kuwa mlipanda meli ya Dubai mwezi wa Agosti. Hamdiya kawangojea bandarini, hamkuteremka. Wamemwambia abiria wasio na karatasi wamerudishwa melini, na meli ikaenda zake. Wapi, hakuna aliyemjibu.

Sina anwani nyingine, naandika hii hii. Mama wa watu hakuitwa mwenyeji popote, na mie ndiye niliyekaa ndani nikihesabu siku. Mwambie nilimtii. Na nyinyi, mkifika mahali, nikumbukeni.

Dadako, Shaikha