Ndizi Mbili na Chungwa

Mwaitu, mama yangu,

Nimekasirika. Najua ungetaka nianze na salamu, lakini leo salamu sina.

Mwezi umepita tangu tukuzike. Mbuzi wako mweusi amezaa mapacha. Baba siku hizi analala sebuleni. Ile karatasi ya nesi bado imebandikwa kwenye kabati la jikoni: mgonjwa asile ndizi, machungwa wala parachichi. Sijaiondoa.

Unakumbuka siku ya kwanza ya kusafishwa damu, nesi alivyokupa kichujio kipya ukishike? Bomba la plastiki lisilofika futi moja, limejaa nyuzi nyeupe nyembamba kama nywele, kila uzi una tundu katikati. Akatueleza kwamba damu hupita ndani ya nyuzi hizo, na ukuta wake ni utando wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Uchafu na potasiamu iliyozidi, yale madini ya kwenye matunda yanayoweza kusimamisha moyo, hupenya, damu inabaki. Ukacheka mpaka wagonjwa wengine wakageuka. "Kumbe figo inaweza tengenezwa na plastiki! Na mimi miaka yote natupa mitungi ikipasuka." Nilikupenda sana siku ile.

Kitu chepesi hivyo, na Jumanne ile kikakosekana. Tulitoka nyumbani Mwala alfajiri, ukakaa kwenye benchi la hospitali mpaka saa saba mchana, ndipo wakasema vichujio vimeisha, turudi Ijumaa. Mashine zilikuwepo, umeme ulikuwepo, manesi walikuwepo. Hakuna aliyetuomba radhi. Na wewe ukamwambia karani, "Mungu awabariki." Awabariki kwa lipi, Mwaitu?

Jumatano akina mama wa jumuiya wakaja kukuona, Mama Ndunge mbele na kikapu cha matunda ya Kangundo. Wakaimba, wakaomba, kisha wakakaa wakikutazama, maana mgonjwa asipoonja alicholetewa, watu husema amewadharau. Nikakunong'oneza habari ya karatasi. Ukanitolea macho. "Mwana wakwa, watu wametembea na jua hii yote. Huwezi kataa mkono wa mtu. Nimenyee."

Nikakumenyea. Ndizi mbili na chungwa. Mama Ndunge akasema parachichi linaongeza damu, nikalikata nalo, kwa sababu niliona haya kukataa mbele ya watu. Mimi, niliyeisoma karatasi ile kila asubuhi! Nilijua potasiamu hiyo haina pa kutokea mpaka Ijumaa. Alhamisi mchana moyo wako ukasimama, nawe umeketi kwenye kiti chako unachambua ndengu.

Nawachukia wale wa hospitali. Nawachukia akina mama, waliokuja matangani na kikapu kingine. Nilikirusha nje, machungwa yakabingirika mpaka miguuni pa padri, na Baba hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo. Wewe nawe nimekukasirikia, wewe na adabu yako, uliyeona bora ufe kuliko kumwaibisha mgeni. Watu wanasema ni uchungu, nitatulia. Wanasema hivyo kwa sababu sijamwambia yeyote, hata Baba, kwamba nilijua, na kisu kilikuwa mkononi mwangu.

Sasa jirani yetu Mutisya ameanza kusafishwa damu. Jumuiya inamtembelea Jumamosi. Jana nilimwona Mama Ndunge sokoni akichagua ndizi, akanipungia mkono kwa furaha.

Nitaenda nao. Kabla kikapu hakijafunguliwa nitasimama, niwaeleze kichujio kinafanya nini na kisipokuwepo inakuwaje, kisha niseme nilichokumenyea wewe, na nani alijua. Baba atakuwepo. Huenda akatoka nje, huenda asinisemeshe tena kabisa.

Pumzika, mama yangu. Hasira bado ninayo, na sijui itaisha lini. Lakini nakuahidi, Mutisya hatakula hata ndizi moja.

Mwanao,
Mwende