Benchi la Kitambaa cha Kijani

Lodwar, Jumapili

Dada Akai,

Ejok, hujambo? Huku joto ni lile lile, na watoto wanakusalimu huko Kakuma.

Baada ya mazishi ya baba yao, shemeji Longor alibeba viti vyote akisema ni mali ya ndugu yake. Sikulia mbele yake. Nilinunua mbao, nikazipiga msasa, nikaunga miguu kwa gundi na misumari. Nilikata godoro kuukuu nikapata sponji, nikaifunika kwa kitambaa cha kijani, nikakivuta hadi kikakaza, kisha nikakipigilia kwa chini. Vidole vimechubuka, lakini benchi halitikisiki.

Jana Longor alirudi kudai nyumba. Akalitazama benchi.

"Nani amekutengenezea?"

"Nimetengeneza mwenyewe. Keti, shemeji, tuongee. Lakini hapa sihami."

Alilibonyeza kwa kiganja, halafu akaketi. Nikamletea chai. Alipoimaliza, akasema polepole kwamba atawaambia wazee wa ukoo waachane na mambo ya nyumba.

Sijui kama atawaambia. Kesho mimi mwenyewe naenda kwa chifu kuhusu nyumba, pamoja na watoto wote. Njoo ukiweza, dada. Nikipakua chakula, bado napakua na cha baba yao.

Mdogo wako asiyehama,
Namuria