Riwaya Niliyoishona Bila Mwisho

Mpemba, Tunduma
Alhamisi jioni

Mpendwa dada yangu Marita,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo nyumbani Kamsamba. Natumaini mpunga mmeshauingiza ndani kabla ng'ombe za watu hazijaupitia, na kwamba magoti yako yanakuruhusu kuinama. Ile dawa ya kuchua usiiache juani. Sisi huku ni wazima. Mercy amepona kikohozi, baba yake yuko kwenye foleni ya mpakani na lori la watu, na baridi ya mwaka huu inatulaza na masweta. Nyie wenye joto lenu hamjui mnachofaidi.

Barua hii na kifurushi atakufikishia shemeji Efraimu, ambaye mchele wake umepata wateja mapema. Kifurushi nimekifunga kwa uzi wa magunia, maana shemeji namfahamu, akikuta fundo legevu halali kabla hajalifungua. Ningekupigia simu, lakini kwenu simu haishiki mpaka mtu apande kichuguu, na mambo haya si ya kupigia kelele juu ya kichuguu.

Unakijua kile kikundi chetu cha riwaya. Jumapili alasiri tunakaa dukani kwa Dina, katikati ya majora ya vitenge, kila mmoja aeleze kitabu anachokisoma kimemkolea wapi na kimemchachia wapi. Wenyewe tunaita kuonja. Anayekuja hajasoma ndiye anayechemsha kahawa, na haruhusiwi kuchangia hata neno. Vitabu ni shida, tunaagiza kimoja kutoka Mbeya kwa kikundi kizima, ndiyo maana nikabuni ule ufundi wangu. Nakipasua mgongo kwa wembe, nakigawa vipande vitatu, kila kipande nakishona na kukivika jalada la kitenge kilichobaki, ili watu watatu wasome kwa wakati mmoja. Mshonaji ndiye anayesoma wa kwanza. Hata wewe, riwaya zote ulizosoma miaka hii umezishika zikiwa na mishono yangu.

Na Dina unamjua, tumekalia dawati moja shuleni Itaka. Alikuwa akipita kwangu kwenye cherehani kabla hajafungua duka, hata chai hajanywa, kuja kuniambia kwamba fulani wa kwenye kitabu ni mjinga na angekuwa mume wake angemrudisha kwao. Tulicheka mpaka wateja wakangoja. Siku ya kuonja nilikuwa nasema wa mwisho, kwa sababu nikishasema mimi, mjadala umefungwa. Sijisifu, dada. Haya, najisifu kidogo.

Ndipo akaja Fauzia. Ni mke wa Othmani mwenye malori, na mwenyewe Fauzia ni mtu wa Tanga. Aliingia kununua kitenge, akaona kipande cha riwaya chini ya kaunta, akauliza, na Dina akamkaribisha kikundini bila kuniambia. Jumapili yake ya kwanza alisema kwamba yule baba tuliyemwita katili hakuwa katili, alikuwa na aibu, na aibu ya mwanamume ikikosa pa kukaa hugeuka fimbo. Sisi wa Mbozi, wewe unajua, sentensi inaanzia Kinyiha na inafika kwenye Kiswahili ikiwa na vumbi miguuni. Yake haina vumbi. Dina akaweka kikombe chini, akasema Fauzia anaongea kama kitabu. Mimi miaka yote hiyo Dina huniambia naongea kama mama mkwe.

Tangu hapo asubuhi zangu zikawa kimya. Nilimwona Dina akipita upande wa pili wa barabara na kipande kwapani, anaelekea kwa Fauzia. Nikajiambia anakwenda kuuza vitenge. Sasa dada, nani anakwenda kuuza vitenge bila vitenge? Nilimwonea wivu yule mwanamke, nakwambia wazi. Nilimwonea wivu kwa maneno yake, kwa kicheko chake, hadi kwa namna anavyoshika kikombe. Aliponiletea kitambaa nimshonee gauni, hata vipimo vyake vilinikera.

Mwezi huu tumesoma riwaya iliyo ndani ya kifurushi. Ni habari za Nuru, mwanamke ambaye mumewe amekwenda machimbo ya shaba Zambia na kumpata mwanamke mwingine hukohuko. Nuru anangoja. Katika sura inayotangulia ya mwisho, siku ya mvua, mlango unagongwa, naye anaweka mkono kwenye komeo. Sura ya mwisho anafungua, na anayemkuta si mume. Ni yule mwanamke mwingine, amelowa, amebeba begi la marehemu. Nuru anamtazama, halafu anampisha ndani. Nililia, dada, mpaka Mercy akaniuliza nani amekufa.

Nilipomaliza kulia nikafikiria Jumapili. Nikamwona Fauzia akiisema sura ile kwa Kiswahili chake, na Dina akiweka kikombe chini. Mkono wangu ukafanya kazi kabla akili haijakubali. Nilishona kipande cha tatu bila sura ya mwisho, kikaishia kwenye komeo, nikakipiga mshono maridadi kuliko vyote. Sura yenyewe nikaitia kwenye droo ya cherehani. Nilitaka wote wafike wakiwa na njaa ya mwisho, na mimi niwe ndiye niliye nao.

Jumapili ikafika. Nilingoja walalamike. Brenda, yule nesi wa zahanati, alianza kusema kitabu kimemwacha njiani, na mimi nikajiweka sawa kitini. Fauzia akasema hapana, mwandishi ametuheshimu. Akasema mkono ule kwenye komeo si wa Nuru peke yake, na kwamba kama angefungua, nyumba ingekuwa yake tu, lakini sasa kila mmoja wetu atafungua mlango wa kwake na kumkuta anayemwogopa yeye. Dina alikuwa na machozi. Akasema hajawahi kusoma mwisho mzuri kama huo.

Nikawaambia wanadanganyana, mwisho sio huo, Nuru alifungua na akamkuta mwanamke mwenzake na akampisha ndani. Wakaangua kicheko. Walisema hakuna mwanamke wa hivyo duniani, labda wa kwenye mahubiri. Brenda akaniuliza kwa upole nimeisoma wapi, maana kipande cha tatu kimepita mikononi mwa wote. Nikasema nimesikia. Dina akasema Loisi, yaani mimi, safari hii hajamaliza kitabu, anatunga, na sheria ni sheria. Basi mimi, dada, niliyekisoma chote peke yangu, nikainuliwa kwenda kuchemsha kahawa. Msiba wa kujitakia hauna kilio. Nilichemsha, nikawagawia, na Fauzia ndiye pekee aliyesema asante.

Juzi Jumanne Fauzia alikuja kulijaribu gauni. Nilikuwa nimepiga magoti napima pindo, pini zimejaa mdomoni, akaanza kuniambia taratibu kwamba alipokuwa msichana huko Tanga aliwahi kusoma kitabu ambacho mwanamke anampa mgeni wake kigoda pekee kilichomo ndani, na mwenyewe anabaki amesimama. Dada, kigoda hicho kimo kwenye sura niliyoificha, na sikuwa nimekitaja kwa mtu. Niliacha pindo. Pini nilizitema kiganjani moja moja ili nisilazimike kuinua uso.

Nilimwuliza kwa nini hakusema mbele ya watu. Akasema aliujua mkono uliokatisha sura ile tangu alipouona mshono, akaona si kazi yake kunivua nguo mbele ya Dina. Akaongeza kwamba hakudanganya, alitafuta cha kusifu kwenye komeo na akakiona. Sikuomba radhi vizuri, nilitamka maneno ambayo hata kwa Kinyiha yasingeeleweka. Alinikatiza kwa kuniuliza mimi nilikionaje kile kigoda, halafu akangoja nijibu. Nikamwambia nadhani Nuru hakusimama kwa ukarimu, alisimama kwa sababu mtu aliyeketi hawezi kumfukuza mgeni akibadili nia. Akacheka mpaka pindo likafumuka. Akasema hilo hakuwa ameliwaza tangu usichana. Tulikaa na ile sura mpaka wenye maduka wakaanza kufunga, gauni halijaisha. Nilimwonea wivu hata kwa huo wema wake, maana mimi nisingeuweza.

Sasa ombi langu. Vipande vitatu vimo kwenye kifurushi, na sura ya mwisho iko chini kabisa, kwenye bahasha. Nimeiacha vilevile ilivyokatwa. Isome, uniandikie umeionaje, kisha mpe shemeji anirudishie akija na mchele mwingine, na tafadhali usiishone. Nataka niiweke mkononi mwa Dina Jumapili itakayofuata hapo, mbele ya wote, aone wembe ulipopita. Akitaka kunifukuza, sawa. Nimeshajifunza kuchemsha kahawa.

Kuna jambo limebaki, na hili hata shemeji asilijue. Leo asubuhi nimemwona Fauzia akija na riwaya mpya mkononi. Nikafuta kiti kwa kitenge, nikakisogeza karibu na cherehani. Akanipungia mkono, akapita, akaingia dukani kwa Dina, nikawasikia wanacheka. Moyo ukanipanda hadi sindano ikanichoma kidole. Nilipokuwa nakinyonya ndipo nikagundua kwamba safari hii niliyekuwa namwonea wivu ni Dina.

Wasalimie watoto wote, na mama mkwe wako mwambie blauzi yake iko tayari, imebaki vifungo. Mungu awatunze na awaepushie mbu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kidole kilichofungwa kitambaa,

Loisi
(Mama Mercy)