Titus Amekuja Jeddah

Mzee Barasa,

Niko Jeddah siku hizi. Mkataba wa Riyadh ulipokwisha nilibadilisha kafili, yaani mdhamini wangu wa kazi, nikapata shule ya binafsi huku, na mwaka huu wamenifanya mkuu wa idara ya hisabati. Ungecheka. Ungesema, "Kiprono huyu huyu aliyekuwa akiwapa watoto mgongo kipindi kizima?" Ndiye. Siku hizi nawatazama usoni.

Nakuandikia kwa sababu Titus amekuja.

Mimi sikumjua kabla ya Riyadh. Wewe ulimjua. Asubuhi ile wakala alipoleta walimu wapya kutoka Nairobi, Titus akiwamo, tulikuwa tunakunywa chai kwenye chumba cha walimu cha shule yetu pale Olaya. Ukaiweka glasi yako mezani, ukatoka. Nikakufuata hadi kwenye ngazi, na hapo ukanieleza. Mlifundisha naye shule moja huko Bungoma. Alimchapa kijana mmoja, Wafula, kwa kipande cha mpira wa maji hadi jicho likapofuka. Wewe ndiye uliyembeba hadi hospitalini, na wewe ndiye uliyetoa ushahidi. Jina la Titus likafutwa kwenye rejista ya walimu. Kwa sheria ya nyumbani hawezi kusimama tena mbele ya darasa lolote, liwe la serikali au la mtu binafsi.

"Na sasa wanamwonyesha darasa lake," ukasema.

Siku hiyo hiyo ulikwenda kwa mkuu wa shule. Alikusikiliza kwa adabu, kisha akakwambia hayo ni mambo ya Kenya, hapa ni Riyadh, halas, yameisha. Walimu walikuwa haba. Basi ukaomba chumba kilichopakana na chake, ukawa unafundisha mlango wazi, wanafunzi wako wakilalamika joto. Wenzetu walisema una kisasi. Mlango hukuufunga.

Muhula haukuisha. Alimpiga mtoto wa Kisudani kofi la sikio, damu ikatoka. Wewe ndiye uliyeingia mbio ukamshika mkono. Baba mtu alikuja akidai haki. Shule ikamwomba radhi, na Titus akaambiwa aondoke, lakini iitwe hiari yake. Wakamfanyia hata karamu ya kumuaga, wali na kuku na keki yenye jina lake. Wewe hukuketi. Ulisimama mlangoni ukasema, kila mtu akasikia: "Mtu kama huyu hafukuzwi kwa keki. Mnampeleka kwa watoto wa wengine."

Halafu ukafa. Sijui niliseme vipi jambo hili. Ijumaa, kwenye nyumba yetu ya Al-Murabba, ulikuwa unapiga pasi. Nilikuwa jikoni, nikasikia pasi ikianguka. Daktari akasema ni moyo. Shati lile nilimalizia kulinyoosha mimi, na ndilo ulilosafiri nalo kwenda nyumbani.

Basi. Wiki iliyopita mwalimu wetu mmoja wa hisabati aliondoka ghafla, na mkuu wa shule akaniita tumhoji anayetaka nafasi yake. Mlango ukafunguliwa, akaingia Titus. Amenenepa. Alinipa mkono, akasema, "Pole kwa Mzee Barasa, alikuwa mtu wa watu." Nikaupokea mkono wake. Sikujua nifanye nini kingine.

Alijibu maswali vizuri. Hilo lazima niliseme, anaijua hisabati. Mkuu wa shule, Mjordani mpole anayependa mambo yaishe upesi, alikuwa ameshaanza kumweleza kuhusu nyumba na tikiti. Nikamwomba ruhusa niulize swali moja.

"Mwalimu Titus, nyumbani bado unaruhusiwa kufundisha?"

Akanitazama. Angesema ndiyo, sijui kama ningeaminiwa, maana Riyadh walikuwa wameshasema kwa simu kwamba hawana neno naye. Lakini alikasirika, Mzee. Unazijua hasira zake. Akasema, "Sheria ya Kenya inaishia uwanja wa ndege. Hapa haina kazi."

Mkuu wa shule akamgeukia polepole. "Kwa hiyo ipo sheria inayokukataza?"

Ndipo nikasimulia yote, ya Wafula na ya yule mtoto wa Kisudani, mbele yake. Ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, iko mikononi mwa shule hii. Neno lao moja tu nami ningekuwa njiani kurudi Eldoret. Nilipomaliza, mkuu wa shule akamwambia Titus asante kwa kuja, na akamfungulia mlango yeye mwenyewe.

Mwenye shule aliposikia, aliweka sharti kwa shule zake zote: mwalimu yeyote aliyezuiwa kwao, au aliyeondolewa popote kwa kumdhuru mtoto, haajiriwi, na shule aliyotoka itaulizwa waziwazi kwa nini aliondoka. Ni sharti la shule za mtu mmoja tu katika mji mkubwa. Ungesema ni mwanzo. Au ungesema limechelewa.

Sikufurahi, Mzee. Wakenya wenzetu hapa wananiambia nimemkatia mtu riziki, na kwamba ana watoto kwao. Mmoja hanisalimu tena. Wafula naye ni mtoto wa mtu, lakini hayo sikuyasema. Nilikunywa chai yangu nikaenda darasani.

Jana dereva wa basi la shule aliniambia kwamba Titus amepata kazi ya kufundisha masomo ya ziada nyumbani kwa familia moja, mtaa wa nyuma ya shule. Wana wavulana wawili. Sharti letu haliingii majumbani mwa watu, na sina cheo chochote mbele ya mlango ule. Wanaweza kunifukuza. Wanaweza kumpigia kafili wangu simu.

Kwaheri, Mzee wangu. Sikukuaga siku ile, kila mtu alikuwa akizungumza habari za ndege na karatasi. Nakuaga leo. Nakuahidi jambo moja, na ni la kesho: swala ya alasiri ikiisha nitakwenda kwa baba wa wavulana wale, nibishe hodi, nimwombe dakika chache.

Kijana wako,
Kiprono