Shimo la Kwanza

Gitting, 21 Novemba 2024

Baba Safari,

Za huko Haydom? Sisi wazima, ila Safari ana mafua. Simu imekufa, ndiyo maana nampa kondakta wa basi barua. Mvua imenyesha na jembe lako lipo mlangoni. Tangu unioe wewe ndiye unayechimba shimo la kwanza, mimi natia mbegu. Mwaka huu sianzi bila wewe. Omba ruhusa uje.

Mama Safari

Haydom, 25 Novemba

Mama Safari,

Nimefurahi kupata habari zenu. Mpe mtoto pole. Mimi sijambo. Ruhusa bado, wageni wa gesti ni wengi na bosi anataka sisi walinzi tujue Kiingereza. Raya wa mapokezi ananifundisha kila jioni. Tumeshika neno "begin", maana yake anza. Linatumika kwa kazi, masomo, mvua, hata mapenzi. Raya anasema, "We begin," yaani tunaanza, nami naitikia. Anasema nina kichwa chepesi. Nivumilie kidogo.

Baba Safari

Gitting, 29 Novemba

Baba Safari,

Salamu zimefika. Mafua yamepona. Somo lako nimelisoma mara mbili. Kumbe mwenzangu ulishaanza, tena na mapenzi yamo! Nilikuomba twende wote darasa la jioni kanisani, ukasema umechoka. Leo huchoki? Wivu ninao, sikufichi. Mahindi ya majirani yameota, mimi naangalia jembe. Basi na mimi naanza. Margwe, jirani yetu asiye na mke, atakuja kesho kunichimbia shimo la kwanza. Mpole yule, na hachoki.

Mama Safari

Haydom, 30 Novemba

Mke wangu,

Salamu baadaye. Margwe asikanyage shamba langu. Nimemwambia Raya atafute mwanafunzi mwingine, akacheka. Kila nikifumba macho naona mikono ya Margwe kwenye jembe langu. Jumanne nakuja, bosi akitaka anifukuze. Usianze, nakuomba.

Mume wako

Gitting, 1 Desemba

Baba Safari,

Sisi wazima. Margwe alikuja jana na jembe lake. Lako nilishindwa kumpa, na shimo nilishindwa kumwonyesha. Nikampa chai, akaenda zake. Mbegu ziko kwenye beseni zinakungoja. Hilo neno utanifundisha mimi, hukuhuku shambani.

Ila ukishuka kwenye basi, kabla ya kushika jembe, uniambie kwanza: huyo Raya alicheka nini?

Mama Safari