Dawa za Mke wa Mzee Swaleh

Kisumu Ndogo,
Malindi.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Naomba barua hii ikukute na afya, na lile goti lako liwe limepoa tangu tulipozungumza. Je, maji ya kisima yamerudi kuwa matamu baada ya mvua? Na Rukia ndugu yangu, ambaye najua ndiye anayekusomea, hajambo na wanawe? Kijiji chetu cha Faza najua kipo vilevile, lakini mtu akiwa mbali hutaka kuambiwa.

Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Kwenye simu huishia hapo, kwa kuwa nikisikia sauti yako hutaka kulia, na sitaki unisikie. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Wewe huwaambia watu nimepata kazi ya kaunti, na ni kweli, ila sijakueleza ni kazi gani. Kuna lori linalopita mitaani kukusanya taka za nyumbani zilizo hatari, zile zisizofaa kutupwa jaani pamoja na maganda ya ndizi: betri zilizokufa, sumu za panya na mende, mikebe ya rangi, sindano, dawa zilizopitwa na wakati. Mimi hutangulia mbele ya lori, nikabisha hodi, nikawaeleza wenye nyumba na kupokea walicho nacho. Dereva ni Karisa, mtu wa Magarini, mpole, asiyesema sana. Tukimaliza, vitu hufungwa kwenye mapipa vikangoja kupelekwa kwenye tanuri la kuchomea, mbali na watu.

Majirani wa hapa ninapopanga walipojua ninachobeba, wakaanza kuniogopa. Hakuna aliyenitukana. Ila Ramadhani iliyopita nilipika mkate wa sinia nikawapelekea mlango kwa mlango, kama tunavyofanya kwetu. Sahani zilirudi zimeoshwa, na hakuna iliyorudi na kitu juu yake. Asubuhi niliukuta mkate wangu kwenye ndoo ya taka iliyo uani, haujamegwa. Tangu hapo napika cha kunitosha mwenyewe, nala nimefunga mlango.

Sasa nikuhadithie ya Mambrui. Kule kuna mzee mmoja, Mzee Swaleh, aliyefiwa na mkewe kwa maradhi ya sukari. Dawa zote za marehemu alizihifadhi kwenye kapu chini ya kitanda chake. Mkaza mwanawe, anayeishi naye, ndiye aliyetuita kwa siri. Siku chache kabla yake alimkuta mwanawe mdogo amekaa sakafuni na vidonge mkononi, mdomo umekuwa mwekundu kwa rangi ya vidonge hivyo. Walimtapisha akapona, lakini mama mtu hakupata tena usingizi.

Mzee alitukaribisha vizuri mpaka nilipotaja kapu. Akasema nyumbani kwake hakuna taka. Nilimweleza kwamba dawa zile zimepitwa na muda, na mtoto anaweza kuzirudia. Akaniuliza tunazipeleka wapi, nami sikutaka kumdanganya.

"Zinachomwa, baba."

"Sisi mtu wetu tunamzika," akasema. "Hatumchomi."

Akasema kama ni lazima zitoke, atachimba shimo mwenyewe uani, kando ya kisima, azifukie. Nikamwambia zitateremka na maji ya mvua, na mtaa mzima unakunywa kisima kile. Aliinuka tu, akaingia chumbani akafunga mlango. Karisa akaninong'oneza twende zetu, kwani hatuna ruhusa ya kumlazimisha mtu. Mkaza mwana alikuwa amesimama jikoni na mtoto kiunoni, machozi yanamtoka.

Mama, sijui nini kilichonikalisha. Niliketi chini nje ya mlango ule, nikamwuliza marehemu alikuwa akivimezaje vidonge vile, maana ninavyovijua ni vikubwa. Akajibu kutoka ndani kwamba mkewe hakuweza kuvimeza, na kila asubuhi yeye ndiye aliyekuwa akimpondea kwenye uji. Nikamwuliza kama uji haukuwa mchungu. Akasema ulikuwa mchungu sana, na yeye alikuwa akiuonja kwanza ili mkewe asinywe uchungu peke yake.

Baadaye mlango ukafunguka, akatoka na kapu.

Tulikaa mkekani. Kila alichokitoa alikisemea. Hizi mkewe alipewa mwanzo, alipokuwa bado anakwenda harusini. Hizi zilimpa kizunguzungu akaziacha. Sindano alimdunga yeye mwenyewe, na siku za mwanzo alikuwa akigeuza uso mpaka mkewe akamcheka. Alipomaliza kusema ndipo aliponipa, nikaweka ndani ya sanduku letu. Karisa alizima lori akaja kukaa kizingitini, wala hakutuharakisha. Mwisho kilibaki kimtungi cha udongo chenye mchanga, walimokuwa wakiweka dawa ya kudunga ipate ubaridi, kwa kuwa hawakuwa na friji. Nikamwambia hicho si taka. Akakipokea kwa mikono miwili.

Nilipokwisha kuvua glavu na kunawa, alimwambia mkaza mwanawe anipakulie wali na samaki wa kupaka wa nazi. Nilitaka kukataa.

"Kula, mwanangu," akasema. "Leo umefanya kazi ya msiba."

Nilikula hadi sahani ikabaki tupu. Tangu nifike huku, hakuna nyumba nyingine iliyonipa chakula.

Lori liliporudi tena Mambrui nilimnunulia halua. Nikaikuta nyumba imefungwa kufuli. Jirani akaniambia mzee amechukuliwa na bintiye aishiye Mtwapa, na mkaza mwana amemfuata mumewe Mombasa. Halua nilimpa Karisa awapelekee wanawe. Jioni ile nilikaa chumbani bila kuwasha taa, nikasikiliza watu wa upande wa pili wa ukuta wakiulizana nani ameongeza chumvi.

Mama, usimkasirikie Rukia. Ameniambia dawa za baba bado ziko kwenye sanduku la bati juu ya kabati, na kwamba akitaka kuzigusa unamkataza. Ameniambia pia mwanawe wa pili sasa anapanda viti. Sikuandikii kukuamuru. Nakuomba tu ulifunge sanduku, ufunguo ukae nawe. Usizitupe baharini, usizichome jikoni, wala usizifukie. Ningojee. Baba alipofariki, habari ilinifikia asubuhi, akazikwa alasiri kabla basi halijanifikisha bandari ya Mokowe kupanda boti ya kuja kwetu. Ninyi nyote mlimwona akiugua. Mimi sikumwona. Nimeomba ruhusa ya Idi, na nitakuja. Uzitoe moja moja, uniambie hii alikuwa akiinywa wakati gani, na siku hiyo alisema nini. Kisha nitazibeba mimi.

Nisalimie mjomba Athumani, aliyesimama mahali pangu siku ya mazishi, na shangazi Mwanahawa, na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani kama bado anatoka nje. Rukia nampa mkono, na wanawe nawabusu, hasa huyo mpanda viti.

Uniombee dua, mama, na radhi zako zinifuate.

Mwanao,
Zuhura