Masanja, Lile Blanketi Ninalo Mimi

Masanja, Msukuma wewe,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikuwepo ulipozikwa pale Usagara, na udongo mwingine nilikutupia mimi mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu jana tajiri wa Kiseke alinitumia mtu. Anataka nikamalizie kazi. Sola zake zote nne bado ziko juu ya bati vile vile ulivyoziacha, na yule mnunuzi wa visiwani bado anazitaka. Kama sitaki, eti niseme mapema, maana anao vijana wake wa kubeba samaki, wanaweza kuzing'oa mchana mmoja tu wakamaliza.

Mchana, Masanja. Umesikia hiyo?

Nilimtukana yule mjumbe mpaka majirani wa hapa Igogo wakatoka nje kutazama. Alipoondoka nikakaa barazani, chai ikapoa. Mke wangu akauliza, "Baba Zuhura, utakwenda?" Nikachukua karatasi na kalamu. Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa kwenye kazi hii ni wewe uliyeniingiza.

Nilipopunguzwa kazini nilikuwa nazunguka tu mjini kama mbuzi aliyekatika kamba. Wewe ndiye uliyesema, "Njoo unishikie ngazi, Mzaramo, angalau kwa mara ya kwanza ufanye kazi ya maana." Watu wakacheka, wakasema watani wawili kwenye paa moja watasukumana. Wakati ule hela ya sangara ilikuwa inamwagika, ruksa ya biashara imekuja na mambo yake, kila aliyeuza minofu anataka sola juu ya nyumba na televisheni ndani. Tukafunga weee. Kisha nguzo za umeme zikafika Kiseke, na wale wale wakatuita tuje kuzishusha sola zao.

Kufungua ndiko ulikokuwa mkali. Huko hukuwa na utani kabisa. Nakumbuka nilipotaka kuanza na betri, ukanishika mkono: "Waya wa sola utoke kwanza, betri mwisho. Ukitoa betri kwanza, ile nguvu ya juu itakwenda wapi? Itaingia kwenye taa za watu." Nikakuuliza kwa nini tusizime tu kila kitu. Ukanitazama kwa huruma. "Umeme wa nguzo una swichi. Huu wa jua utauzimia wapi? Ukamzime Mungu?"

Ndipo nikalijua lile blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu. Tunangoja jua lipungue, unapanda nalo begani, unazifunika sola vizuri, unazungusha kamba, ndipo unagusa waya. Ncha moja, tepu. Ncha ya pili, tepu. Nilikuwa nakucheka, nakwambia unaifunika sola kama mtoto mwenye malaria. Wewe unajibu kwamba mtoto wa Kizaramo angefunikwa namna hii asingekuwa mjinga kama mimi.

Siku ile ya mwisho pale Kiseke ulimwambia tajiri tungoje jioni. Akakataa, mtumbwi wa mnunuzi unaondoka. Akasema, "Unaogopa nini, hizi si za nguzo!" Zile sola nne zilikuwa zimeungwa moja kwa nyingine, nguvu zake zinajumlishana, ulimweleza, akapunga mkono kama anafukuza nzi. Ukafunika, ukafunga kamba. Mnunuzi naye akasema hanunui asichokiona kikifanya kazi, akasimama chini na mita yake ya mshale, waya mbili ndefu zimepanda mpaka kwako. Mimi nilikuwa ndani kwenye betri. Nilikusikia kwa masikio yangu: "Nashika ncha. Msifunue mpaka niseme!"

Tajiri alipanda ngazi nyuma yako. Akafungua kamba, akavuta blanketi, ncha bado ziko mikononi mwako.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni furaha. Mnunuzi anapiga kelele, "Inacheza! Mshale unacheza!" Kisha bati likakwaruza, muda mrefu, halafu kishindo kwenye saruji. Nilipotoka, yule mtu bado alikuwa na mita mkononi, na tajiri bado yuko kwenye ngazi ameshika blanketi. Akalidondosha. Ndilo tulilokufunika nalo, hakukuwa na kingine. Tangu siku ile nasikia lile bati kila mahali. Mtoto akiburuta stuli sakafuni, naruka.

Polisi walikuja, wakaandika ni ajali, fundi ameteleza. Nilisema nilichokijua, nikaambiwa sikuwepo juu. Mnunuzi akasema yeye alikuwa anatazama mshale. Ndiyo ikaishia hapo, Masanja. Siwezi kukudanganya.

Kwenye maziko nilifanya kazi yangu ya utani. Wewe ungefanya hivyo hivyo kwangu. Nilidai kwamba umekufa ili ukwepe kuninunulia soda. Nikavaa koti lako kichwa chini miguu juu, nikatembea kama wewe, kifua mbele, na hata mama yako akacheka huku machozi yanamtiririka. Shemeji Kabula alikuwa ameamua blanketi liende nawe, amelikunja juu ya jeneza. Nilipoliona nikatumbukia kaburini. Nikalala chali mle ndani, nikasema sitoki mpaka nipewe blanketi, kuna baridi, na Msukuma hahitaji joto kwa sababu ana mafuta ya ng'ombe. Watu wakaangua vicheko. Wazee wakasema, "Mpeni mtani haki yake, tuzike." Kabula akalishusha kwa mkono wake. Alinitazama machoni, akajua sitanii. Lakini mtani hatakiwi kulia msibani, basi nikatoka kaburini nakenua meno, nikaendelea kuchekesha watu mpaka jioni.

Nililifua ziwani. Doa limegoma kutoka lote.

Juma lililopita Kabula aliniita nikaishushe ile sola yenu. Nilimsihi aiache, watoto wasomee taa. Akasema, "Shemeji, bati likilia tu kwa jua nadhani ni wewe na yeye mko juu. Nitoleeni." Unaona alivyosema? Nitoleeni. Nikangoja jua liinamie upande wa pili, nikapanda na blanketi. Nikawa nataja kila hatua kwa sauti kama ulivyokuwa unafanya: taa zimezimwa, funika, kamba, waya wa sola umetoka, ncha moja, tepu, ncha ya pili, tepu, betri mwisho. Kabula yuko chini ameshika ngazi kwa mikono miwili. Nilipoteremka na ile sola mgongoni akanipa maji, akaenda kuwasha kibatari. Nyumba yako sasa inanuka mafuta ya taa, Masanja. Inauma sana, lakini ndivyo alivyotaka.

Sasa turudi Kiseke. Jambo hili nimelala nalo, nimeamka nalo. Roho inasema mwache tajiri na sola zake zioze pamoja. Sitaki kuiona sura yake, sitaki kupita kwenye ile saruji. Lakini nawaona wale vijana wa samaki wakipanda saa saba mchana, mikono mibichi kwa maji ya barafu, hakuna hata mmoja anayejua kwamba kile kioo kinachomeremeta kimya kimya kiko kazini. Nao wana mama zao. Na mimi nitaitwa tena kwenda kuchekesha watu makaburini? Hapana, ndugu yangu. Siwezi mara ya pili.

Kwa hiyo nakwenda. Kesho jioni. Nimemtumia tajiri neno: nitafika kwa saa zangu, sitaki mita, sitaki mnunuzi, na asiniamkie. Blanketi limeshakunjwa, liko hapa mlangoni. Wewe pumzika, usinijie ndotoni kunisumbua, na ukikutana na Wazaramo huko waamkie kwa heshima, ndio wenyewe wa mji.

Nakuahidi jambo moja, na hili si la utani. Nikishafika juu ya lile paa, ngazi nitaivuta niilaze batini kando yangu, asiweze mtu kupanda nyuma yangu. Nitazifunika zote nne. Nitafunga kamba, nitaivuta tena kujaribu. Hapo, kabla sijagusa waya hata mmoja, nitakaa chini. Hakuna atakayeniona wala atakayeniambia mtani halii.

Nitakulilia huko juu, Masanja, mpaka jua lizame.

Mtani wako,
Sefu